Tezi ya shingo, homoni na kilo zisizotaka kushuka

Kilo mbili hadi tano. Kwa watu wengi, hicho ndicho kiasi cha uzito ambacho tezi ya shingo iliyolegea inaweza kulaumiwa nacho, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji na chumvi, wala si mafuta. Natamani kila anayeambiwa tezi yake haifanyi kazi vizuri angepewa hesabu hii siku hiyohiyo, kabla hajatoka na karatasi yake ya dawa. Wengi hawapewi. Wanaanza vidonge wakitumaini kwamba kilo 15 au 20 walizoongeza zitayeyuka zenyewe. Miezi mitatu inapita, mizani iko palepale, nao wanaamua moja kati ya mambo mawili: dawa haifanyi kazi, au wao wenyewe ni wazembe. Mara nyingi yote mawili ni uongo.

Kutibu homoni ni kazi moja, kupunguza mafuta ni kazi nyingine. Kila moja ina dawa yake, muda wake na kipimo chake. Taabu nyingi huanzia pale mtu anapoipima ya kwanza kwa mizani ya ya pili.

Tezi yenyewe inafanya nini

Tezi ya thairoidi, au tezi ya shingo kama wengi tunavyoiita, iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Ina umbo la kipepeo na kwa mtu mzima haifiki hata gramu 30. Inachukua madini joto, yaani iodini, kutoka kwenye damu na kutengeneza homoni mbili: T4 yenye atomu nne za iodini, na T3 yenye tatu. T4 ni akiba. T3 ndiyo inayoingia ndani ya seli na kuziamuru zichome nishati kwa kasi gani.

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayochungulia kiwango cha homoni hizo na kutuma TSH, ambayo ni amri ya kuongeza kazi. T4 ikipungua, amri hupazwa sauti: TSH inapanda. Ndiyo maana kwenye karatasi ya maabara TSH kubwa ina maana tezi ya shingo imechoka. Hapa wengi huchanganyikiwa, wanaona namba iko juu wanadhani homoni zimezidi. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kama 0.4 hadi 4.0.

Pale ambapo watu hupata madini joto ya kutosha, chanzo kikuu cha tezi kulegea ni kinga ya mwili kuigeukia tezi na kuiharibu taratibu kwa miaka. Daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliuandika ugonjwa huo mwaka 1912, na mpaka leo unabeba jina lake. Wanawake huupata mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Dalili huja polepole: uchovu usioisha kwa usingizi, kuhisi baridi wakati wengine wana joto, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kukatika, hedhi nzito, sauti kuwa nzito, na uzito kupanda.

Uzito huo unapanda kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: mwili unachoma nishati kidogo zaidi hata ukiwa umelala. Ya pili haisemwi vya kutosha. Homoni zikipungua, chini ya ngozi na kwenye misuli hurundikana molekuli ndefu za sukari zinazonyonya maji kama sifongo. Kope zinavimba asubuhi, pete haitoki kidoleni, viatu vinabana. Tezi ikilegea sana, maji haya unaweza hata kuyatambua kwa kidole. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya mbele ya mguu, juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, kisha achia. Uvimbe unaotokana na moyo au figo mara nyingi huacha kishimo kinachochelewa kujaa. Uvimbe wa tezi iliyolegea kwa kawaida hauachi kishimo, kwa sababu maji yake hayako huru, yameshikwa ndani ya ute. Sisemi mtu ajipime ugonjwa kwa kidole. Nasema hizo ndizo kilo ambazo kidonge kinaweza kuziondoa, na ndizo zinazotoka kwanza.

Kwa nini basi usimeze zaidi?

Swali hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alianza kumdunga mwanamke aliyekuwa na upungufu mkubwa wa homoni hizi maji yaliyotolewa kwenye tezi za kondoo. Mwanamke yule alipata nafuu akaishi hadi 1919. Habari zilienea, na kabla ya karne ile kwisha tayari kulikuwa na watu wenye tezi nzima waliokuwa wakimeza tezi za wanyama ili wakonde.

Walikonda, ndiyo. Lakini homoni ya tezi ikizidi mwilini haichagui mafuta. Inakula misuli, inachota madini kwenye mifupa, na inaufanya moyo udunde bila mpangilio, hali inayoweza kuleta kiharusi. Marekani inalazimisha dawa hizi zibandikwe onyo la ngazi ya juu kabisa kwamba zisitumike kupunguza unene. Anayemshawishi rafiki yake mwenye tezi nzima ameze vidonge vyake "akonde kidogo" anamwekea moyo wake rehani.

Kwa aliye na upungufu wa kweli, dawa ni levothairoksini, ambayo ni T4 iliyotengenezwa maabara. Ni dawa nzuri yenye tabia ya uchoyo: haitaki kushirikiana tumbo na kitu kingine. Nimewahi kukaa jikoni asubuhi nikimwangalia ndugu yangu. Kiganjani alikuwa na kidonge kidogo cha levothairoksini, kidonge cha madini ya chuma alichoandikiwa kwa upungufu wa damu, na kalsiamu. Akavitupa vyote mdomoni kwa mkupuo mmoja, akavisindikiza kwa chai ya maziwa. Alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Kila akirudi kliniki TSH iko juu, kila mara dozi inaongezwa, na hakuna aliyewahi kumwuliza anamezaje.

Chuma na kalsiamu huinasa dawa hii tumboni kabla haijafyonzwa. Maziwa na kahawa huipunguza nguvu pia, na hata dawa za kiungulia. Humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Chuma na kalsiamu hukaa mbali nayo kwa saa nne. Ndugu yangu alihamishia vidonge vile viwili jioni, na kipimo kilichofuata kikaonyesha dozi sasa imezidi, ikabidi ipunguzwe.

Jambo jingine ni subira. Nusu ya levothairoksini iliyo mwilini huisha baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo kila dozi inapobadilishwa damu huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kipimo kusema kweli. Kupima baada ya wiki mbili ni kupoteza damu. Na kama unameza biotini kwa ajili ya nywele na kucha, iache siku mbili au zaidi kabla ya kupima, maana huvuruga mashine za maabara na inaweza kutoa majibu ya uongo kabisa.

Mshale unaoelekea upande wa pili

Hii ndiyo sehemu ninayoona imefichika kuliko zote, na ndiyo inayowaumiza watu wanaojitahidi kweli.

Tumezoea kuuchora mshale hivi: tezi inaharibika, uzito unapanda. Lakini uzito nao huisukuma tezi. Watu wenye mafuta mengi mwilini mara nyingi huwa na TSH iliyopanda kidogo, huku T4 yao ikiwa sawa na tezi yao ikiwa nzima. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York, na leptini nyingi inaonekana kuuchochea ubongo uagize TSH zaidi. Wakipungua uzito, TSH hushuka yenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye TSH ya 5.5, T4 ya kawaida na kilo nyingi za ziada hawezi kusema mara moja kwamba amepata chanzo cha unene wake. Huenda ameshika matokeo yake. Hatua ya busara ni kurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu na kupima kingamwili dhidi ya tezi. Kingamwili zikiwepo kwa wingi, tezi kweli inashambuliwa. Zisipokuwepo, dawa ya maisha yote inaweza kuwa mzigo wa bure.

Mshale wa tatu unatokana na njaa. Mtu anakata tamaa, anaamua kula mlo mmoja kwa siku, au anaishi kwa maji na matunda kwa wiki tatu. Ndani ya siku chache mwili unapunguza kugeuza T4 kuwa T3. Kwa mwili hiyo ni akili: chakula kimeadimika, punguza moto. Tezi haina ugonjwa wowote na TSH huwa ya kawaida. Lakini angalia dalili zinazofuata: baridi, uchovu, choo kigumu, hedhi kuruka, na baada ya miezi miwili au mitatu nywele zinatoka kwa mafungu bafuni. Ni dalili zilezile za tezi iliyolegea. Mtu huyu atasema, "Tezi yangu imezidi kuharibika, ngoja nipunguze chakula zaidi." Anazunguka mduara ambao ameuchora mwenyewe bila kujua, na hapo anahitaji kula zaidi ya anavyokula, hasa protini.

PCOS na insulini

Kwa wanawake wengi tezi si mhusika mkuu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa ana PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaogusa ovari, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajui. Jina lake hutaja vifuko kwenye ovari, nalo hupotosha, kwa sababu vile vinavyoonekana kwenye picha ni mayai machanga ambayo hayakukomaa yakatoka. Daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi kama ndevu na chunusi sugu au vipimo vya damu vinavyoonyesha hivyo, na ovari zenye mwonekano huo. Kabla ya kuthibitisha anatakiwa apime pia TSH, kwa kuwa tezi mbovu huvuruga hedhi vilevile. Na mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kiini cha uzito hapa ni insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli. Seli zinapoanza kuwa sugu, kongosho humwaga insulini nyingi zaidi ili sukari iingie. Insulini hiyo nyingi inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inazuia mafuta yaliyohifadhiwa yasitoke, inazisukuma ovari zitoe homoni za kiume zaidi, na inalifanya ini lipunguze protini inayozishika homoni hizo kwenye damu, hivyo zinabaki huru na kali. Mafuta ya tumboni yanaongezeka, usugu unazidi, kongosho linamwaga tena. Mwanamke anayesema anakula sawa na mwenzake lakini yeye ndiye anayenenepa mara nyingi anasema kweli kuhusu mwili wake.

Habari njema, na hii naisisitiza kwa moyo wote, ni kwamba mduara huu hukatika mapema. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hutosha kurudisha hedhi na yai kutoka. Kwa mwenye kilo 90 hizo ni kilo 4.5 hadi 9. Bado atakuwa mnene machoni pa watu, huenda hata nguo hazijabadilika, lakini ndani mambo yamegeuka. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 haukuona mlo mmoja maalumu unaoshinda mingine. Unaofaa ni ule mtu anaoweza kukaa nao. Metifomini, dawa ya kisukari, husaidia usugu wa insulini na hupunguza uzito kidogo tu. Asiyetaka mimba ajue: yai linaweza kurudi kabla hedhi haijakaa sawa.

Kotisoli, ukomo wa hedhi, na wale waliokonda kwanza

Kotisoli, homoni ya msongo, imekuwa neno la mitaani, kila kitambi sasa ni cha "stresi". Ugonjwa halisi wa kotisoli kuzidi, unaobeba jina la daktari Mmarekani Harvey Cushing, ni adimu na una sura yake: uso wa mviringo, nundu nyuma ya shingo, tumbo kubwa lakini mikono na miguu myembamba, michirizi mipana ya zambarau, michubuko inayotokea bila kugongwa, na ugumu wa kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Ukiziona hizo pamoja, nenda ukapimwe. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni dawa za steroidi kama predinisoloni zilizotumika kwa miezi. Usiziache ghafla kwa hofu ya unene. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo huwa zimelala, na ukikata dawa siku moja unaweza kupoteza maisha. Hupunguzwa taratibu, daktari akiongoza.

Kuhusu ukomo wa hedhi, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, ukiongozwa na Herman Pontzer na wenzake, uliwapima zaidi ya watu 6,400 na kuona kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, uchomaji wa nishati haubadiliki kati ya miaka 20 na 60, kwa wanaume na wanawake. Ukomo wa hedhi hauzimi moto. Unachofanya ni kuhamisha mafuta kutoka mapajani na nyongani kwenda tumboni, na kuharibu usingizi, huku misuli ikipungua kwa umri. Kwa hiyo kiuno kinaweza kupanuka hata pale kilo zinapobaki zilezile.

Wapo pia wenye tezi inayofanya kazi kupita kiasi, ambao walikonda kabla ya kutibiwa. Matibabu yakifanikiwa uzito hurudi, na kwa baadhi hupita ule wa zamani, kwa sababu hamu ya kula ya wakati wa ugonjwa imebaki ilhali moto umepungua. Waonywe mapema, wasije wakaacha dawa.

Kinachobaki kufanya

Kwanza homoni zitengemae, ndipo kilo zifuatwe. Mtu ambaye TSH yake bado ni 20 ana misuli inayouma na moyo unaodunda polepole. Kumwambia akimbie asubuhi ni kumwonea. Akishatulia, upungufu wa wastani wa kalori, kama 500 kwa siku chini ya anachotumia, hufanya kazi kwake karibu sawa na kwa mtu mwingine. Kwa kawaida huanza na nusu kilo kwa wiki, na baadaye kasi hupungua.

Mimi ningeanza na misuli. Mazoezi ya kubeba uzito mara mbili kwa wiki, hata kwa ndoo ya maji au mwili wako mwenyewe, huongeza uwezo wa misuli kunyonya sukari bila kudai insulini nyingi, na hulinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili husaidia vilevile, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye lazima aulize kwanza. Juu ya hapo, kutembea kwa kasi hadi kufikisha dakika 150 kwa wiki. Usingizi nao ni dawa. Anayekoroma sana na kuamka amechoka apimwe kama pumzi humkatika usiku. Tezi iliyolegea na unene vyote huchangia hilo.

Kuogopa kabichi hakuna maana, ikipikwa na kuliwa kwa kiasi haiui tezi. Kuacha ngano kunamsaidia kwa hakika mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye ngano humharibu utumbo. Vidonge vya mwani wa baharini vyenye iodini nyingi viepukwe, kwani iodini ikizidi inaweza kuichafua zaidi tezi ya mwenye Hashimoto.

Dawa mpya za sindano za kupunguza uzito zimebadilisha mambo. Katika jaribio kubwa la semaglutaidi, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na walioacha walirudishiwa karibu theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja. Tezi iliyolegea haimzuii mtu kuzitumia. Anayezuiwa ni mwenye aina moja ya saratani ya tezi hiyo, iitwayo medula, yeye mwenyewe au katika familia yake.

Na kilo zikianza kushuka, rudi ukapimwe. Dozi kamili ya levothairoksini hukadiriwa kwa kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 95 aliyetulia kwa mikrogramu 150, akifika kilo 82, huenda anahitaji karibu 130. Asipopima, ataendelea kukonda na kufurahi huku dawa imemzidi, mpaka usiku mmoja atakapolala kimya na kusikia moyo wake ukidunda kwenye mto.